Mama Aliyesahihisha Blogu Yetu

Mhariri alisoma akiwa amesimama. Ungempelekea makala ya nusu ukurasa au ya kurasa tatu, kwanza angeichapisha kwenye karatasi, kisha angeinuka kitini, aegemee kabati la mafaili na kuisoma kwa sauti ya chini, kama mtu anayesali rozari. Akifika mahali pabovu, sauti ilikatika. Hakukuambia kosa ni nini. Alirudi mwanzo wa sentensi, akaisoma tena polepole, na wewe ukalisikia mwenyewe, ukaona haya.

Hiyo ilikuwa ofisi ya mawasiliano ya kampuni moja ya shaba, nje kidogo ya Lubumbashi. Kampuni ilishakufa, na jina lake halina kazi hapa. Wakati bei ya shaba ilipokuwa juu, wakubwa waliamua kwamba wafanyakazi wenyewe waandike blogu kuhusu kazi zao, ili mji uone kwamba nyuma ya ule ukuta mna watu, si moshi tu. Tulichaguliwa sita. Mimi nilikuwa fundi wa maabara, mtoto wa mtaa wa Katuba, kazi yangu kupima sampuli za mawe na kuandika matokeo. Mhariri aliajiriwa kutusahihisha, kwa sababu alikuwa amemaliza ujana wake akiwa sekretere katika ofisi mbalimbali za mji, na alikijua Kifaransa na Kiswahili kuliko sisi sote tukijumlishwa pamoja.

Siku ya kwanza tulitegemea atufundishe nukta na mkato. Badala yake alituuliza ni nani kati yetu anakula mkate wa kampuni. Tulicheka, tukainua mikono.

“Basi kila muntu aandike ile juu kabisa,” akasema. “Musomaji ajue munakula wapi. Kisha ataamua mwenyewe kama atawaamini.”

Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka yote ya ile blogu. Kila makala ilianza kwa jina la mwandishi, kazi yake, na maneno kwamba analipwa na kampuni. Dereva mmoja wa lori, mwenzetu katika wale sita, aliona ni aibu. Alitaka kuandika kwa jina la kubuni, jina la simba au la mwanamasumbwi, sikumbuki vizuri. Mhariri alimwambia kwamba mtu akificha uso ili kusifu, kesho atauficha ili kutukana. Dereva akakubali kwa shingo upande.

Alikuwa na misemo ya namna hiyo, lakini haikuwa mingi, na hakupenda tuirudie rudie. Nilipouandika mmoja kwenye karatasi na kuubandika ukutani, aliubandua. Alisema adabu ikishakuwa bango, watu huisoma mara moja tu.

Ule niliobandika ulihusu hasira. Ilikuwa sheria yake kwamba kama neno huwezi kulisema ndani ya basi la wafanyakazi asubuhi, huku kila mtu akikutazama, basi usiliandike. Alitukataza kujibu maoni ya wasomaji kabla hatujala. Mtu wa mjini akituita vibaraka, ama akiandika kwamba sekretere fulani amepata kazi kitandani, tulitaka kumrukia papo hapo. Mhariri alitutuma kantini kwanza. Ukirudi na bukari, ugali wetu, tumboni, jibu ulilokuwa nalo lilionekana refu mno, na mara nyingi likabaki neno moja: asante.

Naye hakuwa malaika. Huyu aliyetufukuza ofisini kwa sababu ya umbeya alikuwa mmbeya mkubwa. Kila Jumamosi alikaa kwa msusi wake mtaa wa Kamalondo, na Jumatatu alijua nani ameachika, nani amejenga, na binti wa nani amepelekwa Zambia ghafla. Siku moja nilithubutu kumwuliza, inakuwaje. Hakutahayari hata kidogo. “Kusikia haiko kuandika,” alinijibu, akaendelea na kazi yake. Tena alificha umri wake kama mtu afichavyo deni, na aliogopa simu mpya. Alipewa moja na kampuni, akaifungia ndani ya droo. Lakini umweke mbele ya kibodi, vidole kumi vyote vilikwenda kwa pamoja, bila yeye kutazama chini, na hakukuwa na kosa. Nilijua mapema kwamba alijivunia hilo, ingawa hakulisema.

Kuhusu majina alikuwa mkali kupita kiasi. Hatukuruhusiwa kutaja mtu bila kumwuliza, hata kwa sifa. Tulidhani ni ukaidi wa wazee. Dereva ndiye aliyelipia kwanza. Alipiga picha ya lori jipya, akaiweka kwenye blogu wakati Mhariri yuko likizo. Nyuma ya lori, kwenye kivuli, alionekana mlinzi amelala na kofia usoni. Dereva hakumwona. Wakubwa walimwona. Yule mlinzi alisimamishwa kazi kwa majuma mawili, na Mhariri aliporudi alimpeleka dereva hadi kwa mkuu wa ulinzi, akamsimamisha pale aeleze kwamba picha ilipigwa wakati wa mapumziko ya saa sita. Ilikuwa kweli. Adhabu ilifutwa. Wakitoka, alimwambia dereva kwamba picha inaona mengi kuliko mpiga picha, basi aitazame mara mbili kabla ya kuionyesha.

Jambo lililonifanya nimheshimu, badala ya kumwogopa tu, lilitokana na mama mmoja aliyekuwa akiishi bondeni chini ya kiwanda. Aliandika kwenye nafasi ya maoni kwamba maji ya kijito chao yamebadilika rangi, na akauliza kama ni sisi. Meneja wetu aliagiza maoni yale yafutwe. Mhariri alisema atayafuta siku atakapoambiwa ni uongo. Kisha akamjibu yule mama kwamba tumesoma, hatujui, tutauliza. Akauliza kweli, kwa barua, idara ya mazingira. Wiki ikapita. Akaandika chini ya swali: “Mama, hatujapata jibu.” Wiki ya pili akaandika hivyo hivyo. Alifanya hivyo kila Ijumaa kabla ya kwenda nyumbani, miezi na miezi. Hakuilaumu kampuni, hakuitetea. Meneja alikasirika mpaka akaacha kumsalimia, lakini hakupata neno la kumshitaki nalo, maana lile neno lilikuwa kweli tupu.

Kisha bei ya shaba ikaanguka. Ilianguka mbali, kwenye miji tusiyoijua, lakini kishindo kilitua kwetu. Tanuru moja lilizimwa. Malori yaliyokuwa yakipanga foleni langoni yakabaki machache, na mengine yalisimama siku nzima bila kupakiwa. Wakubwa wa kigeni walianza kusafiri na masanduku ambayo si ya likizo. Mjini, makampuni mengine yalikuwa yamekwisha kufunga, na kila asubuhi uliona wanaume wa makamo wamekaa mbele ya nyumba zao wakiwa wamevaa viatu vya kazi, kama watu wanaongoja basi. Ndani ya kiwanda hakuna aliyesema kitu. Tuliambiwa tuandike habari za michezo.

Nilikuwa kijana, na wasomaji walikuwa wamenisifu mara mbili tatu. Nilikuwa na ile kiu ya kuwa wa kwanza. Siku moja Mhariri alikwenda matangani, msiba wa dada yake, na katika chumba cha kunakili karatasi nikaona ukurasa umesahauliwa kwenye mashine. Ulikuwa na majina matatu ya mafundi wa karakana, na tarehe ya mwisho wao wa kazi. Tarehe ya barua ilikuwa ya jana yake. Nikaamini wameshaambiwa. Nikaandika makala ya kuwaaga, kwa mapenzi kabisa. Juu ya mmoja wao, fundi wa kuchomelea vyuma, niliandika kwamba aliunganisha mabomba hata maji yenyewe hayakujua yamevuka wapi. Niliipenda ile sentensi. Nikaichapisha kabla ya saa sita, bila mtu kuisoma.

Hawakuwa wameambiwa. Barua zilikuwa bado juu ya meza ya mkuu wa wafanyakazi, zinangoja sahihi.

Yaliyompata yule fundi alinisimulia mwenyewe baadaye. Alitoka zamu alasiri. Simu yake ilikuwa ya kupiga na kupokea tu. Alipitia sokoni, akanunua samaki, akaingia nyumbani kwake Katuba akipiga mzaha kwamba leo wanakula kama mabosi. Hakuna aliyecheka. Ndani aliwakuta kaka yake, majirani wawili, na akina mama wa kwaya ya parokia, wote wamekaa kimya. Akauliza nani amekufa. Mkewe akageuza uso. Ni binti yake mkubwa aliyempa simu, naye akaisoma ile makala yangu akiwa bado mlangoni, samaki mkononi.

Mhariri alirudi kesho yake. Nilikuwa nimemwekea karatasi ya makala ile mezani. Siku ile aliisoma akiwa ameketi, na hakutoa sauti.

Nikamwambia tuifute haraka. Akatikisa kichwa.

“Ukiifuta kimya-kimya, utapona weye,” akasema. “Yeye hatapona.”

Tuliyaondoa majina na sifa zote, na mahali pake nikaandika, mbele yake, kwamba makala iliyokuwa hapo ilitangaza habari ambazo wahusika wenyewe hawakuwa wamepewa. Kwamba niliiandika mimi bila kuwauliza. Kwamba kosa ni langu. Chini nikaweka jina langu. Nilitaka kuongeza kwamba nilidhani wanajua. Aliniuliza hilo litamsaidia nani. “Ile ya ‘nilizani’ peleka kwa mama yako,” akasema. “Yeye atakuonea huruma.”

Mchana tukaenda Katuba pamoja. Njiani alinipa maagizo machache: nisikae kabla ya kukaribishwa, nisieleze, na nisiombe msamaha kama mtu anayedai chake. Niseme nilichofanya, halafu nifunge mdomo. Yule fundi alitupokea vizuri, akatutolea viti nje. Nikasema niliyokuwa nayo. Yalikwisha upesi kuliko nilivyofikiri. Alikaa muda mrefu akitazama mikono yake, yenye makovu madogo madogo ya cheche.

“Kufukuzwa, ningezoea,” akasema mwishowe. “Baba yangu pia balimufukuza. Lakini uliniibia saa yangu. Ile saa ya kuita bibi yangu, mama ya batoto, mu chumba, kumuambia polepole. Ile hautaweza kunirudishia.”

Mhariri hakunisaidia. Aliinuka, akaenda uani kwa mke wa fundi, akakaa naye akichambua majani ya muhogo kwa ajili ya sombe mpaka jua likapungua. Tuliporudi barabarani aliniambia jambo moja tu, kwamba nisijaribu kuyasahau yale maneno.

Wakubwa walipoamka, walikuwa na shida nyingine. Mji mzima ulikuwa unazungumza. Mkurugenzi alimwita Mhariri, akamtaka aandike kwenye blogu kwamba ile habari ilikuwa uvumi, na kwamba hakuna mtu atakayeachishwa kazi. Nilikuwa mlangoni, nikingoja zamu yangu ya kugombezwa, kwa hiyo nilisikia. Alimjibu kwa Kifaransa safi cha ofisini, bila kupandisha sauti, kwamba kampuni ina haki ya kumnyamazisha, na akiambiwa anyamaze atanyamaza. Haina haki ya kumsemesha uongo. Kuhusu makala yangu alisema ukurasa ni wake, yeye ndiye aliyepaswa kuufunga kabla ya kwenda matangani, basi wamhesabu yeye.

Walimhesabu. Mimi nilibaki kwa sababu maabara ilihitaji watu. Yeye aliondoka na kundi la pili la walioachishwa kazi, mwezi uliofuata.

Hapo ndipo nilipomkasirikia. Tulijua kwamba anajua mengi: mikutano aliyoandika kumbukumbu zake, barua alizosahihisha, yule mama wa bondeni na maji yake. Tulisubiri makala yake ya mwisho kama watu wanaosubiri hukumu. Aliandika mistari mitano. Aliwashukuru wasomaji, aliwaambia kwamba tangu siku ile hatakuwa mwajiriwa tena, na akamalizia kwamba swali la maji bado halijapata jibu. Basi. Nilimfuata mpaka langoni, amebeba mfuko wake mmoja, nikamwambia anawalinda watu wasiomlinda. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Siri balinipa nikiwa ndani,” akasema. “Kunitoa inje hakuzigeuzi ziwe zangu.”

Sikukubaliana naye. Hata leo sina hakika. Kuna siku naona alikuwa na haki, na kuna siku namwona mama wa bondeni akifungua ule ukurasa kila Ijumaa, nami nasema palikuwa na deni kubwa kuliko adabu. Sikupata kumwuliza Mhariri kama yeye mwenyewe alilala vizuri juu ya hilo.

Kampuni ilifungwa mwaka uliofuata. Mimi nilihangaika, nikauza vifaa vya umeme na mjomba wangu, kisha nikapata kufundisha kemia katika shule moja ya ufundi. Vijana wangu wanaandika kila siku kwenye simu zao, juu ya waajiri wao, juu ya walimu wao, juu ya wenzao, na wananiuliza mipaka iko wapi. Nikaona badala ya kuwapa sheria niwaandikie mtu. Nikaandika haya mnayoyasoma, isipokuwa mwisho wake.

Nilianza kwa kumtafuta fundi wa kuchomelea. Ana karakana yake sasa, anatengeneza milango. Alisikiliza sehemu yake, akaniruhusu, mradi nisiweke jina. Kisha nikapeleka ujumbe kwa Mhariri kupitia mpwa wake, nikajibiwa nije Jumapili baada ya misa.

Anaishi Kamalondo, nyuma ya duka la fundi cherehani. Macho yake yana ukungu. Alinitambua kwa sauti. Alinikaribisha kiti, akaniuliza habari za watoto, akanitaka nisome kwa sauti asikie. Nikasoma. Alicheka kwenye habari ya lori. Alikana habari ya msusi, kisha akasema niiache. Kwenye ile ya mkurugenzi alisema sauti yake ilipanda kidogo, ila mimi sikuwa ndani ya chumba. Nikaendelea mpaka sentensi ambayo nilikuwa nimeitunza kwa ajili ya kufungia, kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kumdhuru mtu kwa maandishi.

Akainua mkono. “Rudia pale.”

Nikarudia.

“Toa ile.”

Nikadhani ni unyenyekevu. Akaniambia nisogeze kiti karibu, akanisimulia jambo ambalo katika miaka yote ile hakuwahi kulitaja. Ilikuwa katika ile miaka ambayo watu ambao baba zao walikuja kutoka mkoa wa jirani waliambiwa waondoke warudi kwao, wakati wengi wao huko kwao hawakuwahi kukuona. Yeye alikuwa sekretere kijana katika ofisi moja ya mji. Mkuu wake alimletea karatasi iliyoandikwa kwa mkono, yenye majina ya wafanyakazi wa asili ile pamoja na namba za nyumba zao, aipige taipu nakala nne. Nakala moja ilibandikwa kwenye ubao wa langoni. Siku chache baadaye vijana wenye fimbo walikuwa wakipita nyumba hadi nyumba, na hawakupotea njia.

Nilimwambia kile ambacho mtu yeyote angesema, kwamba kwa hakika walimlazimisha.

“Apana. Usiniandikie huruma,” akasema. “Hakuna mwenye alinilazimisha. Balinipa karatasi, nikapiga. Ilikuwa karibu saa ya kutoka, nilitaka kuwahi basi. Jina ya tatu ilikuwa ya rafiki yangu, tulikuwa tunakula pamoja kila saa sita. Niliipiga bila kosa hata moja.”

Nje cherehani ilikuwa inakwenda na kusimama, inakwenda na kusimama. Nikamwuliza kama alimwona tena huyo rafiki.

“Nilimuona ku gare, amekaa juu ya godoro yake na batoto, banangoja treni. Alinisalimia muzuri sana. Hakujua nani alipiga. Na miye sikumuambia.”

Nilifunga daftari. Akaniambia nilifungue, niandike palepale, nimsomee. Nikaandika pembeni mwa ukurasa kwa haraka, kisha nikasoma: “Katika miaka ile, orodha ya majina ilipigwa taipu.”

“Nani aliipiga?” akauliza Mhariri.

Nikafuta, nikaandika upya: Mhariri aliipiga.